Chumba cha Michoro ya Kiorientalisti Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umetokana na maswali ambayo wenye majengo, walimu, mafundi na wasanii wa Arusha na Moshi huyarudia kila wanapofikiria kuandaa chumba cha kuonyeshea michoro ya Kiorientalisti. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maneno.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Chumba cha michoro hii kinapaswa kumwezesha mtu auone ustadi wa mchoraji, halafu aone pia mchoraji alisimama wapi, nani alimruhusu, na picha iliuzwa kwa nani. Rangi ya ukuta, taa, benchi na lebo ni vyombo vya kazi hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Michoro ya Kiorientalisti ni ipi hasa?

Ni michoro ya wasanii wa Ulaya, wengi wao wa karne ya 19, waliochora Afrika Kaskazini, Misri, Uturuki, Shamu na nchi za jirani: masoko, misikiti, hamamu (mabafu ya umma), askari, misafara, wanawake majumbani. Mkondo huu ulipata nguvu baada ya Napoleon kuivamia Misri mwaka 1798 na Ufaransa kuivamia Algeria mwaka 1830. Eugène Delacroix alifuatana na ujumbe wa kibalozi wa Ufaransa kwenda Moroko mwaka 1832, akapita Algiers, na mwaka 1834 akaonyesha Paris mchoro wake wa wanawake wa Algiers wakiwa chumbani mwao. Mchoro huo leo uko Louvre. Jean-Léon Gérôme (1824–1904) alisafiri sana Misri na Uturuki, lakini picha zake alizimalizia studio Paris. Jean-Auguste-Dominique Ingres hakufika huko kabisa. Hata hivyo mwaka 1862, akiwa na miaka 82, alimaliza picha ya hamamu ya Kituruki iliyojaa wanawake uchi, akitegemea barua za msafiri Mwingereza, Mary Wortley Montagu.

Mwaka 1978 Edward Said, msomi wa Kipalestina, alitoa kitabu *Orientalism* kuonyesha jinsi maandishi ya Ulaya yalivyoijenga "Mashariki" ili iwe rahisi kuitawala. Jalada lake lilibeba mchoro wa Gérôme wa mcheza na nyoka. Tangu hapo ni vigumu kutundika picha hizi kama mapambo tu, na tunaona ni vizuri iwe vigumu.

2. Hayo ni mambo ya Ulaya na Uarabuni. Sisi wa Arusha na Moshi yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, watu weusi wamejaa ndani ya picha hizi, wakiwa walinzi, watumishi, wapiga ngoma na askari, na mara nyingi hawana majina. Mgeni wa hapa ataanza kuwatazama hao kabla ya mwenye kilemba aliyekaa katikati, na chumba kipangwe kwa kulijua hilo.

Pili, jicho lilelile lilifika pwani yetu. Irma Stern (1894–1966), mchoraji wa Afrika Kusini, alikwenda Zanzibar mwaka 1939 na tena mwaka 1945. Alichora wazee wa Kiarabu na wanawake wa mjini kwa rangi kali, na baadhi ya kazi hizo alizitilia fremu za mbao zilizochongwa za milango ya Zanzibar. Simama mbele ya fremu ya namna hiyo uone: mlango wa nyumba ya mtu umekuwa pambo la picha ya mtu.

Tatu, mtu wa Arusha anajua kutazamwa. Maduka ya vinyago yamejaa picha za Wamasai warefu wekundu walioegemea mikuki mbele ya jua linalozama, na wanunuzi karibu wote ni wageni. Anayezifahamu picha hizo ana swali la kumuuliza Gérôme ambalo mtu wa Paris hana.

3. Ni lazima tuwe na michoro halisi?

Hapana, na kwa wengi tunashauri waanze na nakala. Nakala nzuri iliyochapwa kwenye kanvasi isiyong'aa, kwa ukubwa uleule wa mchoro halisi, inafanya kazi kubwa. Ukubwa halisi ni sharti. Mchoro wa Delacroix una takribani sentimita 180 kwa 229, watu wake wanakaribia ukubwa wa binadamu. Mcheza na nyoka wa Gérôme ana takribani sentimita 82 kwa 121 tu, na picha yake ya askari bashi-bazouk ni kama sentimita 80 kwa 66. Ukizichapa zote kwa kimo kimoja ili ukuta upendeze, umemdanganya mtazamaji. Iandike "nakala" kwenye lebo bila aibu. Kuhusu ruhusa, tazama swali la 18. Kuhusu kuazima kazi halisi, swali la 19.

4. Chumba kinatakiwa kiwe na ukubwa gani?

Chukua mfano wa chumba cha mita 6 kwa 9. Kuta zake zote zina mita 30. Ukitoa mlango, madirisha na kona, zinabaki kama 22 zinazofaa. Picha yenye fremu ikichukua mita moja na nafasi ya mita moja ubavuni, utaweka kumi au kumi na moja. Usizidishe. Mchoro mkubwa kama ule wa Delacroix unahitaji mtu aweze kurudi nyuma mita 4 hadi 5, kwa hiyo uwekwe kwenye ukuta mfupi, mkabala na urefu wa chumba.

## Jengo, jua na hewa

5. Tuna nyumba ya zamani mjini, au ghala la kahawa Moshi. Litafaa?

Mara nyingi linafaa kuliko jengo jipya lenye vioo vingi, kwa sababu kuta nene hupunguza mabadiliko ya joto. Arusha yenyewe imezoea majengo yaliyobadilishiwa kazi: Boma la Wajerumani la mwaka 1900 ni makumbusho ya elimu viumbe, na ukumbi wa Kaloleni ulimopitishwa Azimio mwaka 1967 ulifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1977.

Anza na paa. Bati lisilo na dari nzuri linapitisha joto mchana, na mvua kubwa ikipiga hamsikilizani. Weka kizuia joto juu ya dari, na kagua misumari yote ya bati kabla ya masika. Kisha panda darini uangalie popo. Kinyesi chao huharibu dari, na harufu haitoki kwa kupaka rangi. Chini, tafuta vichuguu vya mchwa kwenye fremu za milango na mbao za ukingo wa sakafu. Fremu ya picha isiguse ukuta wa nje moja kwa moja: bandika vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa) nyuma yake ili hewa ipite kati.

6. Tuache madirisha au tuyazibe?

Vitabu vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini kwa sababu kule jua kali haliji upande huo. Huku ushauri huo haufai. Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri liko kusini mwetu, na miezi iliyobaki liko kaskazini, kwa hiyo kila upande una zamu yake. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo mabaya zaidi, maana jua la saa moja asubuhi na la saa kumi na moja jioni huingia limelala hadi ukuta wa ndani kabisa. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, ina mionzi mikali ya urujuanimno hata siku ya baridi.

Ziba ya mashariki na magharibi kwa ukuta wa plaiwudi na jipsam, ambao pia utakupa sehemu ya kutundikia. Liache moja la kaskazini au kusini, liwekee filamu ya kuzuia urujuanimno na pazia zito, na mbele yake pawe na benchi badala ya picha. Watu wanahitaji kupumzisha macho kwa kuona mti wa jakaranda au, anga ikiwa safi, mlima.

7. Joto na unyevu viwe kiasi gani?

Makumbusho mengi makubwa yanayoazimisha kazi sasa yanakubali nyuzi joto 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60, mradi unyevu usiyumbe zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 24. Hilo la kuyumba ndilo lenye madhara. Kanvasi hulegea ikipata unyevu na kukaza ikikauka, mbao za fremu nazo hupanda na kushuka, na rangi ya mafuta ya miaka 150 haina mnyumbuko wa kufuatana navyo, hivyo hupasuka.

Shida ya Arusha ni asubuhi za Juni hadi Agosti, zenye ubaridi na ukungu wa Meru, zikifuatwa na mchana mkavu. Moshi tatizo ni joto la Januari na Februari. Nunua vipima unyevu vinavyotunza kumbukumbu, weka kimoja katikati ya chumba na kingine nyuma ya picha ya ukuta wa nje, na usome mwaka mzima. Usiwashe kiyoyozi mchana na kukizima usiku. Afadhali chumba kisicho na kiyoyozi kinachobadilika taratibu kuliko chenye kiyoyozi kinachokurupuka.

8. Na vumbi?

Weka milango miwili yenye ukumbi mdogo katikati, mkeka mrefu wa kufutia miguu, na sakafu inayopigwa deki badala ya kufagiliwa. Ufagio huinua vumbi na kulipeleka kwenye picha.

9. Tutumie taa gani, na tuzifunge vipi?

Mwanga unaoangukia picha hupimwa kwa luksi. Rangi za mafuta: usizidi luksi 200. Rangi za maji, karatasi, picha za kamera na vitambaa: luksi 50. Nakala zilizochapwa nazo hupauka, basi usizipe mwanga zaidi ya ule wa mafuta. Programu ya simu ya kupima mwanga itakupa makadirio, lakini kabla ya kupokea kazi ya kuazima pata kipima halisi.

Chagua LED za kelvini 3,000 hadi 3,500, namba inayoeleza mwanga unaelekea njano au buluu. Kwenye boksi tafuta namba ya CRI, inayoeleza uaminifu wa rangi, na usishuke chini ya 90. Hapa tunawasihi msibane matumizi. Chukua nakala ya bashi-bazouk wa Gérôme: mwanamume mweusi, bunduki begani, kichwani kilemba chenye vishada, mwilini joho la hariri ya waridi. Iwashie taa ya bei rahisi. Waridi inageuka kijivu na uso unazama kuwa doa moja jeusi. Badilisha taa: unaona mfupa wa shavu, wekundu chini ya ngozi, jicho linalokataa kukutazama. Taa mbaya humfuta mtu yuleyule ambaye chumba hiki kilitakiwa kumrudishia uso.

Kuhusu kufunga, mwanga uangukie picha kwa mshazari wa nyuzi 30 kutoka wima. Dari likiwa mita 3 na katikati ya picha ikiwa mita 1.5 kutoka sakafuni, reli ya taa ikae sentimita 85 hadi 90 kutoka ukutani. Ukiisogeza karibu zaidi, fremu inatupa kivuli juu ya picha. Ukiipeleka mbali, vanishi inang'aa na mtazamaji anaona kichwa chake mwenyewe. Mwambie fundi umeme afunge reli, taa zipangwe baada ya picha kutundikwa, na mtu mfupi na mtu mrefu wote wasimame mbele kabla ya kukaza.

10. Umeme ukikatika?

Taa za kutokea na kamera ziwe kwenye betri au sola. Jenereta ikae mbali na madirisha; masizi ya dizeli ni adui wa kanvasi. Watu wakiwa ndani giza likaingia, mhudumu awaombe wasimame walipo hadi taa za betri ziwake.

## Mpangilio wa chumba

11. Kuta zipakwe rangi gani?

Nyeupe tupu inafanya picha zenye rangi nzito zionekane kama mashimo ukutani. Nyekundu iliyoiva na kijani cha chupa ndizo zilizopendwa kwenye nyumba za sanaa za Ulaya za karne ya 19, na zinapendeza, lakini zinarudisha hisia ya sebule ya tajiri mnunuzi. Sisi tunapendelea kijivu chenye joto au rangi ya udongo mkavu, isiyong'aa. Paka rangi ya maji, na uiache wiki tatu hadi nne chumba kikiwa wazi kabla ya kuingiza picha, ili mvuke wake uishe.

12. Tuweke matao, mazulia, udi na muziki wa Kiarabu ili watu wapate hisia?

Tafadhali msifanye hivyo. Hili ndilo ombi linalorudi kuliko mengine yote, na ndilo linaloharibu vyumba vingi. Picha hizi zenyewe ni majukwaa yaliyopangwa. Kwa mcheza na nyoka, Gérôme alichukua ukuta wa vigae wa Kasri la Topkapı la Istanbul, akachanganya na vitu vya Misri na India, akatoa tukio linaloonekana kama limeshuhudiwa pale pale. Ukiongeza matao ya jipsam na moshi wa udi, umejenga jukwaa la pili kuzunguka la kwanza na umemnyima mgeni nafasi ya kushtuka.

Zaidi ya hapo, vitu hivyo kwetu si vya ajabu. Nyumba nyingi za Moshi na Arusha zina udi, zulia la kuswalia na dele la kahawa. Ukitaka vitu halisi, weka kimojakimoja ndani ya kabati la kioo chenye maelezo ya nani alikitengeneza na kutumiwa wapi: kanzu iliyodariziwa kwa mkono, dele la shaba, kipande cha mlango wa Zanzibar. Kiwe shahidi upande wa pili.

13. Picha zifuatane vipi?

Kufuata miaka ni rahisi lakini kunachosha. Sisi tunapanga kwa jozi zinazobishana.

Jozi ya kwanza: hamamu ya Ingres ya mwaka 1862, na picha za Henriette Browne, mchoraji wa kike wa Kifaransa aliyefika Istanbul mwaka 1860 na, kwa kuwa mwanamke, akaweza kuingia nyumbani kwa watu. Alizionyesha Paris mwaka 1861: wanawake waliovaa, wanaopokea wageni, wanaokaa tu. Mmoja alifika, mwingine hakufika, na ukuta unalisema hilo peke yake.

Jozi ya pili: Gérôme na Osman Hamdi Bey (1842–1910). Huyu alikuwa Mwottomani aliyesomea Paris, kisha mwaka 1881 akawa mkurugenzi wa Makumbusho ya Kifalme ya Istanbul. Mchoro wake wa mwaka 1906 unaonyesha mzee wa joho jekundu aliyeinama kuwatazama kobe wanaokula majani sakafuni; uko Makumbusho ya Pera, Istanbul. Vigae, mavazi na ufundi ni vya shule ileile ya Paris, ila mtu wake anafikiri. Mpe ukuta wake mwenyewe.

Jozi ya tatu ndiyo ya hapa kwetu: Irma Stern upande mmoja, na upande wa pili picha ya Mmasai iliyonunuliwa dukani Arusha, kwa bei yake halisi na, akikubali, jina la aliyeichora. Hatuiweki kumdhalilisha mchoraji. Anasomesha watoto kwa kazi hiyo. Tunaiweka kwa sababu mgeni akifika hapo huacha kuzungumza kuhusu Waarabu na Wazungu, anaanza kuzungumza kuhusu mjomba wake.

14. Lebo ziandikweje?

Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake. Maneno yasizidi 80 kwa kila lugha, herufi za pointi 24 au zaidi, kibao kikae kati ya mita 1 na 1.2 kutoka sakafuni. Kila lebo ijibu: nani alichora, alichorea wapi, nini ndani yake kinaaminika, na nani hatujui jina lake. Mfano wa bashi-bazouk:

*"Gérôme aliichora picha hii Paris mwaka 1868 na 1869, baada ya safari yake ya Mashariki. Alimvisha mtu huyu nguo alizorudi nazo. Bashi-bazouk walikuwa askari wasio na mshahara katika dola ya Ottoman. Je, askari asiyelipwa angekwenda vitani na hariri kama hii? Jina la aliyekaa kuchorwa halijaandikwa kwenye picha. Picha halisi iko Metropolitan Museum, New York. Hii ni nakala."*

Usiandike "mandhari ya kuvutia" wala "maisha ya kila siku ya Waarabu". Sentensi hizo huliweka jicho la mchoraji kuwa ukweli.

15. Picha zitundikwe kimo gani?

Katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Kama wageni wako wengi ni wanafunzi wa msingi au watu wanaotumia viti vya magurudumu, shusha hadi 140. Badala ya kamba ya kuzuia watu, mstari wa mbao wa sentimita 50 kutoka ukutani unatosha kwa nakala.

## Mada zinazohitaji uangalifu

16. Tufanye nini na picha za watu uchi, hasa familia na shule zikija?

Usizifiche kwenye chumba cha siri. Siri huongeza utamu wa kuchungulia, na huo ndio mchezo wa picha zenyewe. Jenga ukuta mfupi wa kukunja njia, ili mtu achague kuingia nyuma yake, na mlangoni pa chumba kizima weka maneno ya wazi kuhusu kilichomo. Kwa darasa la watoto kuna njia inayopita bila kufika huko.

Ubaguzi ni mmoja. Mcheza na nyoka wa Gérôme ni mtoto wa kiume aliye uchi mbele ya watu wazima. Hatuipendekezi picha hiyo kwa ukubwa kamili. Ukihitaji kueleza habari ya jalada la Said, chapa kipande cha ukuta wa vigae peke yake na ueleze kwa maandishi kilichobaki.

17. Tuna picha za soko la watumwa na za watu wanaoswali. Zipo salama?

Za soko la watumwa, kama ile ya Gérôme ya mwaka 1866, hazitundikwi hapa kama zinavyotundikwa Marekani. Soko la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Kanisa la Anglikana la Mkunazini limesimama mahali pale. Misafara ya njia ya Pangani ilifika hadi chini ya Kilimanjaro. Baadhi ya wageni wako wanajua bibi wa bibi yao alitokea wapi. Picha kama hiyo ikae peke yake, taa ishushwe kidogo, pasiwe na benchi la kustarehe mbele yake. Pembeni iandikwe wazi kwamba mnunuzi wa Paris aliuziwa mwili wa mwanamke kwa jina la kukemea utumwa.

Za swala ongeeni na masheikh wa mji kabla ya kufungua, si baada ya malalamiko. Ukumbi wa Msikiti wa Amr wa Cairo aliouchora Gérôme mwaka 1871 ni kazi ya heshima kuliko nyingi, lakini mtu anayeswali hakuomba kutazamwa. Zisitundikwe chini, wala ukuta unaopakana na choo. Adhana isitumike kama sauti ya nyuma. Kibla kwetu kiko kaskazini. Kama wafanyakazi huswali jengoni, wapeni chumba kingine kisicho na picha.

## Ruhusa, kuazima na fedha

18. Tunaruhusiwa kuchapa nakala?

Kwa wachoraji waliokufa zamani, ndiyo. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo. Ingres, Delacroix, Gérôme na Osman Hamdi Bey wamepita muda huo kwa mbali. Irma Stern alifariki mwaka 1966, hivyo hapa nchini umekwisha pia, ila ukichapa katalogi ya kuuza nje, uliza kwanza sheria ya huko.

Faili la picha ni suala jingine. Metropolitan Museum tangu mwaka 2017 inatoa bure picha kubwa za kazi zake zisizo na hakimiliki, hata kwa biashara. Makumbusho mengine yana masharti. Yasome, omba kwa barua pepe, tunza jibu. Picha ya Mmasai wa swali la 13 ina mwenyewe aliye hai: muombe na mlipe.

19. Tukitaka kuazima mchoro halisi kutoka nje?

Mwenye mali ataomba ripoti ya jengo: kumbukumbu za unyevu za mwaka (swali la 7), ulinzi wa saa 24, zimamoto, milango inayofungwa, kipimo cha mwanga. Ataomba bima inayoanza mchoro unapotolewa kwenye msumari wake hadi unaporudishwa palepale, na mara nyingi ataleta mtu wake wa kuusindikiza. KIA iko kati ya miji yetu miwili, jambo linalorahisisha, lakini uliza mapema ukubwa wa kreti unaopita kwenye ndege za mizigo. Tumia wakala wa forodha anayejua uingizaji wa muda, maana mchoro ukiandikwa kama bidhaa ya kubaki nchini utadaiwa ushuru.

Kreti ikifika, usiifungue. Iache saa 24 ndani ya chumba ili izoee hewa.

20. Fedha ni kidogo. Tuanze wapi?

Paa, kisha madirisha, kisha taa. Fremu na rangi ya ukuta mwishoni. Nakala sita zenye taa nzuri na lebo zilizofikiriwa zinashinda ishirini zenye mwanga wa ofisi.

## Hali zisizo za kawaida

21. Mtu ametuletea mchoro wa zamani aliourithi, anasema ni wa Ulaya. Tuupokee?

Upokeeni kwa maandishi, kwa uangalizi tu, mkitaja hali yake. Mpige picha mbele na nyuma. Mihuri, karatasi za maduka na misumari ya nyuma husema zaidi kuliko sahihi ya mbele. Msiufute kwa maji, mkate wala kiazi, mbinu ambazo watu bado wanafundishana. Msimwambie bei. Mkiona dalili kwamba uliondolewa mahali pasipo halali, simamisheni kila kitu na mtafute ushauri wa Makumbusho ya Taifa.

22. Mgeni akikasirika mbele ya picha?

Mhudumu asiitetee picha. Amsikilize, amuulize ameona nini, na aandike jibu kwenye daftari la chumba kwa ruhusa yake. Maneno yenye uzito yawekwe kwenye lebo mpya. Lebo bora tulizowahi kuziona zilitoka kwa watu waliokasirika, akiwemo mama mmoja wa Kisomali aliyesema nguo ya mwanamke pichani imefungwa kwa namna isiyowezekana kutembea nayo.

23. Paa likivuja usiku wakati wa masika, nini kifanyike kwanza?

Kata umeme wa chumba hicho. Ondoa picha zilizo chini ya maji, uzilaze juu ya kitambaa safi, uso ukitazama juu, ndani ya chumba kikavu chenye hewa. Usizitoe kwenye mbao zake za kukazia kanvasi, usizianike juani, usizipulizie hewa ya moto, zikauke polepole. Piga picha kila hatua kwa ajili ya bima. Mchoro wa kuazima usiguswe zaidi ya kuuhamisha, mpaka mwenyewe apigiwe simu.

Maelekezo haya yachapwe kwenye karatasi moja pamoja na namba za fundi paa, fundi umeme na mwenye ufunguo, na yabandikwe nje ya mlango wa chumba pamoja na kibanda cha mlinzi, kwa sababu mlinzi wa usiku ndiye atakayesikia tone la kwanza.